Chumvi, Mchanga na Kifuniko cha Chupa: Kuhesabu Maikroplastiki Ufukweni Bagamoyo

Chukua chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha. Kata kipande cha mwili wake ukubwa wa ukucha, kata na kipande cha kifuniko, uvitumbukize vyote kwenye glasi ya maji. Vibonyeze kwa kidole ili mapovu yaachie. Kifuniko kitaibuka, kipande cha chupa kitazama. Sasa ongeza chumvi mpaka maji yakatae kuyeyusha zaidi. Kifuniko bado kinaelea, cha chupa bado kimelala chini. Kifuniko ni polithini ngumu yenye densiti (uzito kwa ujazo) ya gramu 0.95 hivi kwa mililita, chupa ni PET yenye 1.38, na maji ya chumvi yaliyokolea kabisa huishia 1.2.

Naanza na glasi hii kwa sababu njia rahisi kuliko zote ya kutenganisha maikroplastiki (plastiki za chini ya milimita 5) na mchanga ni hiyo hiyo ya kuelesha kwa chumvi. Polithini, polipropilini, polistirini na nailoni zote huibuka. PET na PVC (plastiki ya mabomba) hubaki na mchanga. Mtu akitumia chumvi halafu akaandika kwamba ufukwe wa kuanzia Custom hadi Kaole hauna PET, hapo ameeleza tabia ya chumvi yake, ufukwe hajausema. Zinki kloraidi hufika 1.5 na zaidi na huinua hata PET, lakini inaunguza ngozi, ni sumu kwa viumbe wa majini, na haimwagwi kwenye sinki. Sodiamu ayodaidi nayo ni ghali, tena hugeuza karatasi za kuchujia za selulosi kuwa nyeusi, usione kitu. Kwa maabara ndogo napendekeza chumvi, mradi mipaka yake iandikwe wazi kwenye ripoti.

Sampuli zichukuliwe kwenye mstari wa takataka na majani ya bahari unaoachwa na maji kujaa. Weka fremu ya chuma au mbao ya sentimita 50 kwa 50, chota sentimita 5 za juu kwa kijiko cha chuma, rudia mara tano kwenye mita 100 za ufukwe. Andika kama ni bamvua au maji mafu, na kama ni kusi au kaskazi; wakati wa masika Mto Ruvu hushusha mengi, na sampuli ya Mei usiilinganishe na ya Januari kana kwamba ni kitu kimoja. Tumia mitungi ya kioo. Hapa wengi huponzwa na kifuniko: vifuniko vya chuma vya mitungi ya jemu vina utando laini wa plastiki kwa ndani. Tandika foili kwanza, ndipo ufunge.

Maabara, kausha mchanga kwa nyuzi joto 60 kwa saa 48. Usizidishe joto, maana plastiki nyembamba hujikunja na kunata. Pitisha kwenye chekeche la chuma la milimita 5, kisha pima gramu 100.

Sasa chumvi yenyewe. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 360 hivi za chumvi kavu. Chumvi ya mawe ya mashamba yetu ya Bagamoyo ina unyevu na tope kidogo, kwa hiyo mimi hutia gramu 400, na punje zinazobaki chini bila kuyeyuka ndizo zinazonihakikishia kuwa maji yameshiba. Thibitisha kwa mizani: mililita 100 ziwe na uzito wa gramu 120 hivi. Zikiwa 115, ongeza chumvi. Ila chumvi ya baharini huja na plastiki zake. Imekaushwa wazi, upepo umepita juu yake, kisha imefungwa kwenye kiroba, na kiroba ni polipropilini iliyofumwa. Chini ya hadubini utaona vijiutepe vyeupe, bapa, vyenye kingo zilizonyooka: hivyo vimetoka kwenye kiroba. Acha maji ya chumvi yatulie usiku kucha, nyonya ya juu kwa mrija wa kioo, kisha yachuje kwa karatasi ya nyuzi za kioo yenye matundu ya maikromita 1.2. Usiruke hatua hii hata kama chumvi ni ya dukani na inang'aa.

Mimina mililita 300 za maji hayo ya chumvi juu ya mchanga ulio kwenye bika (glasi ya maabara), koroga kwa kijiko cha chuma dakika mbili, funika kwa foili, acha. Mchanga mtupu hutulia upesi. Ule wa karibu na mikoko ya Kaole una matope, uache mpaka asubuhi. Mimina maji ya juu kwenye kichujio, osha kuta za bika kwa maji ya chumvi yaliyochujwa kwa kuwa plastiki hupenda kung'ang'ania kioo, kisha rudia mara mbili zaidi. Mwisho suuza karatasi kwa maji ya moto yaliyokenekwa na kuchujwa, la sivyo itakauka ikiwa imejaa fuwele za chumvi zinazometameta na kufunika kila kitu.

Vitakavyoelea havitakuwa plastiki peke yake. Kutakuwa na majani ya mikoko, nyasi bahari, miguu ya wadudu. Hivyo huunguzwa kwa mililita 20 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 pamoja na mililita 20 za myeyusho wa salfeti ya chuma (II) wa 0.05 M (moli kwa lita). Acha dakika tano mezani, ndipo upashe taratibu, usivuke nyuzi 60. Mchanganyiko huu hujipasha wenyewe, na ukiwa na majani mengi hufura ghafla na kumwagika, sampuli ikapotea na mikono ikaungua. Weka beseni la barafu kando, vaa miwani na glovu. Kinachotiliwa shaka baadaye kiguse kwa sindano ya moto: plastiki huyeyuka au hujikunja, jani huwa mkaa.

Nyuzi za nguo na kamba ndizo zinazodanganya zaidi. Taitai (vikamba vya plastiki vya kufungia mwani) na kamba za wakulima wa mwani wa Mlingotini hutoa nyuzi, kamba za mashua vilevile, lakini na shati lako pia. Zima pangaboi, funga madirisha, vaa pamba ya rangi moja inayojulikana. Kanga ya sokoni siku hizi yaweza kuwa poliesta. Choma uzi mmoja kwanza. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kisha, katika kila kundi la sampuli, pitisha mitungi mitatu isiyo na mchanga kwenye hatua zote. Tuseme imetoa nyuzi 4, 5 na 6: wastani ni 5, mchepuko sanifu (jinsi namba zinavyotawanyika) ni 1, na wastani ukijumlisha na mara tatu ya mchepuko unapata 8, ndicho kikomo cha kuvukwa. Sampuli yenye nyuzi 7 haijathibitisha kitu. Najua inauma baada ya siku nne za kazi, lakini nyuzi hizo zisiingie kwenye jedwali.

Pima pia unapoteza kiasi gani. Choma mchanga kwa nyuzi 450 saa nne, upoe, changanya humo vipande 20 vya ndoo ya kijani, fanya kazi yote kama kawaida. Ukipata 17, urejeshaji wako ni asilimia 85, na namba hiyo iandikwe kando ya matokeo.

Halafu kuna kilichopita kwenye karatasi. Mchemraba wa plastiki wa milimita 1 ukisagika kuwa michemraba ya maikromita 1 unatoa vipande bilioni moja, na eneo la nje linaongezeka mara elfu. Chini ya hapo ndiko nanoplastiki zilipo, na hadubini ya mwanga haifiki mbali huko. Njia mojawapo inayovutia ni chembe za nano za chuma cha magnetaiti zilizovikwa silani (kemikali ya silikoni) yenye mkia mrefu unaochukia maji: hujishika kwenye plastiki, kisha sumaku huvuta vyote pamoja. Kwenye maji hufanya kazi vizuri. Kwenye mchanga chembe hizo hunata pia kwenye uchafu wa mimea, na penye mchanga mweusi wenye madini ya chuma, sumaku itaibuka na mchanga wenyewe. Pitisha sumaku kavu juu ya sampuli kabla ya kununua dawa yoyote. Ikiibuka na ndevu nyeusi, baki na chumvi, na kwenye ripoti andika: vipande kwa kilo ya mchanga mkavu, kuanzia ukubwa gani, na kwamba PET na PVC hazikupimwa.