Redishati: mwaka wa kutocheza katika futiboli ya vyuo vya Marekani

Katika futiboli ya Marekani, ile ya mpira wenye umbo la yai na si soka, redishati ni msimu ambao mwanafunzi yuko kikosini, anafanya mazoezi kila siku na anaendelea kupata ufadhili wake, ila hachezi mechi, ili msimu huo usikatwe kwenye hesabu yake. Kanuni iliyozoeleka ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, inampa misimu 4 ya kucheza ndani ya miaka 5, kuanzia siku anapojiandikisha kusoma muda wote. Miaka hiyo haisimami kwa sababu yoyote ya kawaida, hata akihama chuo. Kwa hiyo redishati haimwongezei mtu mwaka. Inatumia ule mmoja uliozidi.

Jina, lenye maana ya "shati jekundu" kwa Kiingereza, lilianzia Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1937, pale Warren Alfson alipoomba kufanya mazoezi bila kucheza na akawa anavaa jezi nyekundu isiyo na namba. Alikuwa mchezaji wa safu ya mbele, na hadi leo wanaofaidika zaidi na mwaka huu ni wa nafasi hiyo.

Safu ya mbele ya mashambulizi ina watu 5: senta anayeanzisha kila mchezo (kipande kifupi cha mechi) kwa kupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, magadi wawili ubavuni mwake, na wawili wa nje wanaolinda pembe. Kazi yao ni kuzuia wapinzani wasimfikie kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, na kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Kijana wa miaka 18 anaweza kufika chuoni akiwa na urefu wa kutosha, lakini ana kilo 120 tu, na atakayemkabili ni mtu wa miaka 22 aliyekaa miaka minne kwenye chumba cha vyuma. Mwenye mbio anaweza kung'ara akiwa mgeni. Wa safu ya mbele ataumia, au atamuumiza kwotabeki wake.

Mwaka huo, basi, si likizo. Analenga kilo 135 hadi 145, na hapo ndipo wengi wanapokosea: uzito ukipanda haraka huwa mafuta, hatua ya kwanza inakuwa nzito na magoti yanalalamika. Mazoezini anawekwa kwenye kikosi cha kuiga, kile kinachocheza kama mpinzani wa wiki ijayo, na hivyo anagongana na mabeki bora wa timu yake siku baada ya siku. Anajifunza kukaa chini kwa nyonga na kuweka viganja kifuani mwa mpinzani. Mikono ikitoka nje ikamshika bega, refa anaona kushika, nayo ni adhabu ya yadi 10. Gumu zaidi ni kusoma mpangilio wa mabeki pamoja na wenzake wanne, maana mmoja akikosea, uzuri wa wale wanne hauonekani.

Tangu 2018 mchezaji anaruhusiwa kuonekana katika mechi zisizozidi 4 bila kupoteza redishati. Kuingia uwanjani kwa kipande kimoja tu kunahesabika kuwa mechi nzima. Makocha wenye akili huzitunza nafasi hizo kwa ajili ya mwisho wa msimu, wakati waliotangulia wameanza kuumia. Akilazimika kucheza ya tano ya msimu wa kawaida, mwaka umekwenda.

Ipo pia redishati ya matibabu, ya aliyeumia mapema baada ya kucheza mechi chache. Hiyo huombwa kwa vyeti vya daktari, na ndiyo inayoweza kumfikisha mtu mwaka wa sita.

Tangu 2021, ilipowezekana kuhama na kucheza papo hapo, uvumilivu umepungua: kijana anamaliza redishati, haoni nafasi, anaondoka, na chuo kingine kinavuna kilo zilizojengwa kwa chakula cha chuo cha kwanza. Na kwa kuwa NFL, ligi ya kulipwa, humtaka mchezaji awe amemaliza miaka 3 tangu sekondari kabla ya kumchukua, redishati ikiwemo, aliye bora kweli anaweza kwenda kulipwa akiwa amecheza misimu 2 tu.