Kihariri Chako Hakina Kosa: Dhana Potofu Kuhusu Mapendekezo ya Msimbo

Kazi yangu ni kusaidia timu za waandaa programu kupanga mazingira yao ya kazi, hasa kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo, na wimbo ninaoimbiwa ni uleule: "Mapendekezo yanayotokea nikiandika hayana maana, bora nihamie kihariri kingine." Mtu anahama kweli, anaanza upya kujifunza mikato ya kibodi, na tatizo anahama nalo.

Dhana: kihariri ndicho kinachoujua msimbo wako.

Hakiujui. Tangu Microsoft ilipotangaza itifaki (kanuni za mawasiliano) ya seva za lugha mwaka 2016, vihariri vingi huiachia kazi hiyo programu ya pembeni inayochambua msimbo, yaani seva ya lugha: Pyright kwa Python, clangd kwa C na C++, gopls kwa Go. Kihariri huuliza, "Mshale uko hapa, baada ya nukta, kuna nini?" Seva hujibu, kihariri huchora orodha. Toka kihariri cha Visual Studio Code uende kile cha Neovim ukiwa na clangd ileile na mipangilio ileile: majibu hayabadiliki.

Acha basi kumtafuta mchawi kwenye kihariri. Uliza seva inajua nini kuhusu mradi wako. Huyu kafungua faili moja badala ya folda nzima ya mradi, kwa hiyo seva haijui mzizi wa mradi, yaani folda yake kuu, uko wapi. Yule kasakinisha maktaba zote ndani ya mazingira pepe (folda ya Python na maktaba za mradi huo tu), lakini kihariri kimeelekezwa kwenye Python ya mfumo. Kila mstari wa `import` unaoleta maktaba hizo umepigiwa mstari chini, naye kauzoea kama pambo. Watu wa C++ ndio kabisa: hawana faili ya `compile_commands.json`, inayoiambia clangd kila faili inajengwa vipi, halafu wanashangaa clangd ikikosa mafaili ya vichwa (header). Kwa CMake, zana ya kupanga ujenzi wa programu, ukijenga kwa Make au Ninja, ni kuweka `CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS` iwe `ON`. Basi.

Mradi ukishaeleweka, tunakuja kwenye aina za data, na hapa ndipo uvumilivu hunishinda. Tazama:

```
def tuma(ankara):
    ankara.
```

Seva ifanye nini hapo? Hiyo `ankara` inaweza kuwa namba, kamusi, chochote. Kwenye Visual Studio Code huenda ukaona orodha yenye alama ya "abc" pembeni. Hayo ni maneno yaliyookotwa tu kwenye mafaili uliyofungua, hakuna aliyeyachambua. Sasa andika `ankara: Ankara`, yaani jina la klasi yako, na orodha inageuka: `jumla`, `mteja`, `tarehe_ya_malipo`. Moduli ya `typing` imo kwenye Python tangu toleo la 3.5, mwaka 2015, na bado naambiwa kwamba kuandika aina ni kupoteza muda!

Kingine ni `json.loads`, inayosoma maandishi ya JSON na mara nyingi kukupa kamusi. Kwa seva, inarudisha `Any`, yaani aina yoyote, maana yake seva haina la kusema. Ukiipitisha kamusi hiyo kutoka fankisheni hadi fankisheni, umeifumba seva macho njia nzima. Igeuze kuwa dataclass (klasi ambayo kila sehemu yake imetajwa aina) pale pale data inapoingia. Ushauri huu nautoa hata nisipoulizwa.

Dhana: programu-jalizi (nyongeza za kihariri) zikiwa nyingi, mapendekezo yanakuwa bora.

Mbili za lugha moja hukupa orodha yenye marudio, na jibu sahihi linasukumwa chini. Bakiza moja. Kabla ya kuongeza ya pili, soma kumbukumbu za seva (log), yaani maandishi ya yale inayoyafanya. Mara nyingi kosa limeandikwa humo waziwazi na hakuna aliyewahi kulisoma.

Dhana: akili unde imezifanya seva za lugha zisiwe na kazi.

Akili unde hukisia kinachoelekea kufuata, na inaweza kukuandikia fankisheni isiyokuwepo kwenye maktaba, kwa kujiamini kabisa. Seva husoma ufafanuzi wenyewe. Tumia zote mbili, ila zikigongana kuhusu jina na mazingira yako yamepangwa vizuri, mimi huiamini seva.

Dhana: dawa ni kompyuta yenye nguvu zaidi.

Kwa mradi mkubwa wa C++, pengine. Kwa wengine, angalia kwanza kama seva inachambua folda za mafaili yaliyozalishwa wakati wa kujenga programu, au mazingira pepe ya zamani yaliyosahaulika ndani ya mradi. Kwa Pyright, ziorodheshe chini ya `exclude` kwenye `pyrightconfig.json`, kisha uwashe seva upya.