Sakafu ya boti kuukuu ya aluminiamu: tazama chini kabla ya kuchagua juu

Wiki tatu zilizopita niliinua sakafu ya boti ya aluminiamu ya futi 16 iliyoletwa karakana kwetu, upande wa Mkondo wa Tudor, Mombasa. Mwenyewe ni mvuvi wa mshipi, mtu mzima, na alikuja na swali moja tu. "Fundi, unanishauri nitie zulia jipya, au zile sponji zenye rangi ya msaji ninazoziona kwenye boti za watalii?" Nikamwambia, "Mzee, nipe dakika kumi nifungue kipande kimoja kwanza." Nilianzia karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, pale mguu ulipokuwa ukibonyea. Chini ya zulia kulikuwa na plaiwudi iliyolainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Chini ya plaiwudi kulikuwa na mbao za kijani, zile zilizotiwa dawa. Na chini ya mbao, juu ya taruma la aluminiamu, ule ubavu wa ndani unaoshikilia boti, kulikuwa na unga mweupe kama wa muhogo. Nilipoupangusa kwa brashi palibaki tundu la kupita ncha ya bisibisi.

Mzee alinyamaza. Hatukuzungumza tena habari ya zulia siku ile.

Karibu kila mwenye boti ya namna hii huanza na uso wa sakafu, kwa kuwa ndio anaoukanyaga na ndio wageni wanaouona. Boti nayo huliwa kutoka ngamani, kule chini ya sakafu maji yanakokusanyika. Sakafu ya aluminiamu huchaguliwa kwa maswali mawili: maji yatakayopita chini yake yatatokea wapi, na ni kitu gani kitakachogusana na bati.

Tumezoea kusikia kwamba aluminiamu haishiki kutu. Ni kweli, maadamu inapata hewa. Juu yake kuna utando mwembamba mno wa oksaidi, na ukiukwaruza hujirudisha papo hapo, lakini unahitaji oksijeni ili ujirudishe. Sasa ulalishe juu yake kitu kinachoshika maji ya chumvi: zulia, ubao mbichi, sponji iliyolowa, hata tope lililochanganyika na magamba ya samaki. Hewa haifiki, chumvi haiondoki, utando unapasuka na haurudi. Hapo huanza vidonda vidogo vidogo vinavyochimba kwenda chini. Bati la boti ndogo zilizoungwa kwa ribiti mara nyingi lina unene wa milimita 1.6 hadi 2, kwa hiyo kidonda hakina safari ndefu.

Adui wa pili ni shaba, na huyu ndiye aliyeitoboa boti ya mzee. Shaba na aluminiamu zikikutana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Dawa ya kijani ya mbao ina shaba. Ile ya zamani, CCA, ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Zilizokuja baadaye zimeondolewa aseniki lakini shaba zimebaki nayo, na nyingine zimezidishiwa. Ubao ukilowa, shaba hutoka kidogo kidogo ikatua juu ya bati. Ndiyo maana ubao unaodumu miaka mingi kwenye uzio wa shamba unaweza kuiharibu boti mapema hivyo. Muuza mbao hakumdanganya mteja alipomwambia hazitaoza. Hakuulizwa tu zitalalia nini.

Ukizing'oa mbao kama hizo, vaa barakoa unapokata, na usizigawe kuwa kuni kwa mama karanga, wale wanaokaanga samaki. Aseniki haiteketei motoni. Nyingine hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye jivu. Nimeshawazuia vijana wawili waliokuwa wamekwisha kuzifunga mzigo.

Na shaba haiji kwa mbao pekee. Ngamani mwa boti hiyohiyo nilizoa vipande vya waya vilivyokatwa na fundi wa umeme vikaachwa, pamoja na sarafu mbili. Kila kimoja kilikuwa kimekaa ndani ya kishimo chake. Rangi ya kuzuia konokono yenye shaba nayo isikaribie chombo cha aluminiamu, hata ukipewa bure.

Haya, tuje kwenye sakafu zenyewe. Zulia kwa boti ya kuvulia sitii. Linanyonya chumvi na damu, ndoano zinanasa, na linaificha plaiwudi mpaka imeshakufa. Sponji zile za kubandika sizichukii; mguu unazipenda, na kwa boti ya matembezi kule Mtwapa inayooshwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila jioni zinafaa, mradi uchague rangi hafifu, maana ya giza saa saba mchana huikanyagi. Kwa mvuvi, kisu kinazichana, petroli inalegeza gundi, na maji yakishaingia pembeni hayatoki.

Kuna wanaopendekeza mbao za plastiki, ile nyeupe nzito inayotengenezewa vibao vya kukatia samaki. Haiozi wala haina ugomvi na aluminiamu. Shida yake ni jua. Kipande cha mita 2 kikipanda joto nyuzi 25 hurefuka milimita kadhaa, ilhali bati la aluminiamu la urefu huohuo halifiki milimita moja na nusu. Ukikikaza kwa skrubu kama ubao, kitapinda kama ulimi. Tundu za skrubu zinatakiwa ziwe ndefu ili kitembee. Gundi na rangi navyo havishiki juu yake. Mimi huitumia kwa vifuniko vidogo tu.

Wanaobaki ni wawili: plaiwudi ya marini, na bati nene la aluminiamu lenye vinundu. Watu wengi hudhani bati ndilo jepesi. Hesabu yake hii hapa: bati la milimita 3 lina uzito wa kilo 8 na kidogo kwa kila mita mraba, kabla hujahesabu vinundu. Plaiwudi ya milimita 12 ina kama kilo 7, na ukiipaka epoksi (ile rezini ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) na rangi zinakaribia kulingana. Tofauti ni kwamba bati litabaki na uzito huo mwaka hadi mwaka, na plaiwudi iliyopakwa vibaya itakunywa maji. Ukichagua bati, uliza ni la familia gani, maana kila mchanganyiko wa aluminiamu una namba yake. 5052, 5083 na 6061 ni sawa. Familia ya 2000 ina shaba ndani yake yenyewe, na vipande vya aina hiyo vinaweza kuwa vimejificha kwenye vyuma chakavu, kwa hiyo bati lisilojulikana lilikotoka mimi siliweki.

Kwa boti inayobeba barafu na makasha mazito ningechagua bati bila kusita. Mzee anavua changu kwa mshipi, peku, usiku na mchana. Bati linaunguza nyayo, na chubwi likikuponyoka mkononi kishindo kinateremka hadi mwambani. Tukakubaliana plaiwudi.

Plaiwudi yenyewe ina kesi zake. Muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya marini, unaweza kupigwa na yeyote, kwa hiyo naomba kipande cha pembeni nakichemsha kwenye sufuria saa kadhaa. Tabaka zikianza kuachana, karatasi yote inarudi dukani. Natazama pia ukingo: ukiona mapengo meusi kati ya tabaka, hapo maji yatapata chumba cha kulala. Na isiwe imetiwa dawa ya shaba. Kinga yake iwe epoksi.

Hapa ninagombana na mafundi wenzangu kila mara. Rezini ya poliesta, hii tunayojengea boti za faiba, ni nafuu na kila mtu anaijua, lakini haiung'ang'anii mti. Baada ya muda hubanduka, na maji yakiingia kati yake na mti hayatoki tena. Epoksi ni ghali zaidi na ndiyo inayoshika. Hupakwa pande zote mbili, na kingo mara 3, kwa sababu plaiwudi hunywa zaidi kwa kingo. Mimi hupaka baada ya alasiri, chini ya paa. Asubuhi ubao unazidi kupata joto, hewa iliyomo ndani inatanuka na kutoboa viputo kwenye epoksi mbichi. Alasiri ubao unapoa, na badala ya kupumua nje unaivuta epoksi ndani. Changanya kidogo kidogo pia, kwa joto letu la Mombasa kopo zima litakugandia mkononi. Tundu za skrubu natoboa kubwa kuliko zinavyohitajika, najaza epoksi, ikikauka natoboa upya katikati yake, ili skrubu isiguse mti mtupu. Epoksi haivumilii jua, lazima ifunikwe na rangi.

Kabla ya kulaza chochote, nilipima upana wa boti sehemu tatu na kuiwekea mihimili ya muda. Kwenye boti nyingi za ribiti sakafu ni sehemu ya nguvu ya chombo. Ukiitoa yote kwa pamoja ubavu unaweza kulegea, na sakafu mpya ikakataa kukaa.

Kati ya plaiwudi na mataruma naweka vipande vya plastiki ngumu vya milimita 3. Hivyo mti haugusi bati na hewa inapita. Skrubu ni za stenlesi, lakini stenlesi nayo ikigusana na aluminiamu kwenye chumvi huila, kwa hiyo kila moja inapakwa dawa nzito ya kutenganisha kabla ya kukazwa. Pembeni naacha nafasi ya milimita 6. Na sakafu siifanyi kipande kimoja. Inakuwa vipande 4 vinavyofunguka, ili mzee mwenyewe aweze kuosha ngama kwa maji baridi bila kuniita.

Jambo la povu la kuelea sikubali lipuuzwe. Chini ya sakafu ya zamani kulikuwa na povu, na lilipotoka lilikuwa zito kama gunia la mchanga. Kulitupa ni sahihi. Kutolirudisha ni hatari. Lita 100 za povu kavu hukubebea karibu kilo 100 boti inapojaa maji; zikishalowa, msaada wote huo umepotea. Anayekatiza lango la Kilindini meli zinapopita anajua wimbi lake. Niliweka vipande vya povu lenye vitundu vilivyofungika, nikaviinua juu ya ngama ili maji yapite chini yake.

Uso wa juu ni rangi ya kijivu hafifu. Nyeupe tupu inaumiza macho juani. Ili isiteleze, wengine hunyunyizia mchanga wa ufuoni. Una chumvi na vipande vya makombe, usiutumie. Mchanga safi uliooshwa ukakauka unafaa, ila kwa mtu wa peku unakwaruza. Nilitumia sukari. Unainyunyiza juu ya rangi mbichi, ikishakauka unaiosha kwa maji, inayeyuka na kuacha vishimo vinavyoshika mguu bila kuuchubua.

Kama una boti ya kufunguliwa, wakati mzuri ni kusi bado inavuma lakini masika yamekwisha, kuanzia mwisho wa Julai. Bahari imechafuka, chombo kimepandishwa pwani hata hivyo, na mbao zinakauka. Mwezi wa Mei usijaribu.

Juzi, kabla ya kukaza kipande cha mwisho, nilimwaga ndoo moja ya maji upande wa omo, mbele ya boti, na kumwambia mzee asimame tezini atazame tundu la kizibo. Maji yalikwama kwenye taruma la tatu, kitundu chake kilikuwa kimezibwa na rangi yangu mwenyewe. Nikakizibua kwa drili, nikalainisha kingo kwa msasa, nikapaka praima. Ndoo ya pili ilitoka yote.