Kifua, bega, mgongo: je, kunyooshwa uti wa mgongo kunatibu moyo?

Kiropraktiki ni nini?
Ni tiba ya mikono. Mtaalamu anasukuma au kuzungusha viungo vya uti wa mgongo, na mara nyingi utasikia "ko!" Ilianzishwa na D. D. Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, wapo wanaopata nafuu. Mkandaji wa mtaani ni mtu mwingine kabisa, hakusomea kazi hiyo. Lakini kuchelewa kufika hospitali ninakokuona kwa wagonjwa ni kulekule, wawe wametoka kwa huyu au kwa yule.

Inatibu moyo?
Hapana. Haizibui mshipa wa moyo ulioziba, wala haiondoi mafuta kwenye damu.

Mbona nimesoma kwamba inashusha presha?
Huenda umesoma kuhusu utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2007. Waliorekebishwa pingili ya kwanza ya shingo, presha yao ya juu ilishuka kwa wastani wa 17 hivi ndani ya wiki 8. Inavutia, ila washiriki wote walikuwa 50 tu, na hao hawatoshi kubadilisha tiba ya mtu. Atakayekuambia uache dawa yako ya presha, kama amlodipini, kwa sababu ameshakunyoosha, mkimbie.

Kifua kinabana, bega la kushoto linauma, jasho linanitoka. Nianze kwa mkandaji?
Hospitali. Sasa hivi, si baada ya kukandwa. Msuli wa moyo ukikosa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na kadiri unavyochelewa ndivyo faida yake inavyopungua. Mtu anakuja siku ya pili mgongo unanuka mafuta ya karafuu, ndugu wanasema "tulidhani ni kichomi". Tunafanya nini hapo?

Na kama kifua hakiumi, ni mgongo katikati ya mabega, au taya?
Hospitali pia. Moyo mara nyingi hulalamikia mahali pengine, hasa kwa akina mama, wazee na wenye kisukari. Wengine huhisi kichefuchefu na uchovu tu, wakanywa dawa ya vidonda vya tumbo. Maumivu yakija ukipanda ngazi au ukibeba ndoo, yakaisha ukikaa, usiyasingizie mto wa kulalia.

Lakini nilikandwa na maumivu yakaisha!
Najua, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Ulilala kitandani, ukatulia, moyo ukapunguza kazi. Mshipa uliopungua upana unaweza kuacha kuuma ukipumzika, hata usipoguswa na mtu. Sifa akapewa mkandaji, mshipa ukabaki vilevile. Maumivu yaliyoisha nayo yanahitaji kupimwa. Hospitali!

Nikichoma diklofenaki, sindano ya kutuliza maumivu, kwanza?
Kwa mwenye presha au ugonjwa wa moyo, dawa hiyo ina madhara: hupandisha presha na huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Jamani, duka la dawa si kliniki ya moyo. Kwa maumivu kama haya, kinachoweza kutafunwa mkiwa njiani ni aspirini miligramu 300, kama mgonjwa ana fahamu, hana mzio nayo, hatoki damu tumboni na hana dalili za kiharusi. Njiani, nasema, si nyumbani mkisubiri kuona itakuwaje.

Na kinyozi anayenivunja shingo baada ya kunyoa?
Mwambie aishie kwenye nywele. Si kawaida kutokea, lakini mshipa wa shingo unaweza kuchanika na kuleta kiharusi. Mwenye presha asifikirie kabisa kwamba mlio ule unamshushia chochote.

Mgongo wangu kweli ni wa kuinama shambani. Nikanyooshwe?
Kama una presha, kisukari au unavuta sigara, pima kwanza. Ukishaambiwa moyo uko salama, nenda, na vidonge vya presha endelea kumeza.

Nikifika kituoni niseme nini?
Usianze na "mgongo unanisumbua", utakaa kwenye foleni. Sema: "Kifua kinabana," au "Maumivu yanashuka mkononi na natoka jasho," kisha taja saa yalipoanza na dawa ulizotumia. Omba kipimo cha umeme wa moyo. Kinatakiwa kufanyika ndani ya dakika 10 tangu ufike. Ukiambiwa usubiri, rudia kusema "kifua", kwa sauti.