Eti Usubiri Kwanza Uwe Mkali? Subiri Nini Sasa

Kwenye diski gofu, ule mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kikapu cha minyororo, hii kauli nimeichoka: "mimi bado sana, ngoja kwanza nikomae ndio niingie mashindano." Na anayeisema anarusha diski poa tu, haiza (mrusho wa kuinamisha ukingo wa nje wa diski) anaijua, foahendi inatoka, ila ukimbana anasubiri nini hasa anakwambia anaogopa kuaibishwa na wale wa MPO, divisheni ya mapro. Kwani nani kakwambia utapangwa na wale?

Divisheni ziliwekwa kwa ajili hiyohiyo jamani. Kwa PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, MA4, mojawapo ya divisheni za wasio mapro, ni ya wenye retingi (namba ya uwezo wa mchezaji) chini ya 850, MA3 chini ya 900, na zinapanda hivyo mpaka huko juu ambako 1000 ndio kiwango cha skrachi, yaani cha mchezaji wa kupimia wengine. Mwenye retingi ndogo ruksa kujipandisha akitaka, mwenye kubwa haruhusiwi kushuka kuja kukuonea. Na retingi yenyewe inatoka kwenye raundi za mashindano tu, skoa yako inalinganishwa na ya wenye retingi mliocheza nao raundi ileile, kwa hiyo mtu anayeniambia anasubiri retingi yake ipande ndio ajiandikishe huwa namuangalia tu, itapandaje na haijazaliwa?

Sisemi mfumo hauna kasoro. Asiye na retingi anajichagulia divisheni mwenyewe, na wapo wanaojua kabisa kwamba MA4 si pao lakini wamekaa palepale wanabeba zawadi. Dawa yake siijui. Na raundi za upepo mkali huwa zinanipa mashaka, hesabu inachukulia upepo umewapiga wote sawasawa, wakati anayerusha chinichini na anayerusha juu hawapigwi sawa hata kidogo.

Halafu kuna wanaojiandaa kwa kununua draiva (diski ya kurusha mbali) ya spidi 13. Mkono wako kama hauna kasi hiyo, diski haiendi kokote, inakata kushoto mapema na kudondoka (bekihendi ya mkono wa kulia hapo), midrenji, diski ya masafa ya kati, ingeipita. Beba puta (diski ya kumalizia kikapuni), midrenji, draiva moja ya spidi ndogo, twende.

Sasa kinachowatesa wageni kweli, na hakuna anayekifanyia mazoezi, ni zile mita 10 za mwisho. Ukicheza na washkaji jioni diski ikitua karibu na kikapu wanakwambia "hiyo tumekupa, okota," unaokota, unajiandikia tatu, unaenda nyumbani unajua umecheza vizuri. Kwenye mashindano hakuna wa kukupa. Kila puti, ule mrusho wa karibu na kikapu, inamaliziwa kikapuni, hata ile ya kuinama tu na kudondosha, na ile ya mita nne ambayo hujawahi kuirusha kwa sababu ulikuwa unapewa ndiyo hiyohiyo itakayokutetemesha mkono. Diski ikigonga minyororo ikaanguka chini haijaingia, ikikaa juu ya paa la kikapu pia haijaingia, na hakuna wa kukuonea huruma.

Na mguu! Unaweka alama yako ndogo mbele ya diski iliyotua, unaiokota, halafu nyuma ya alama una kieneo cha sentimita 20 kwa upana na 30 kwenda nyuma, hapo ndipo angalau mguu mmoja uwe umegusa wakati diski inatoka mkononi, na hakuna mguu unaogusa mbele ya alama. Ukiwa ndani ya mita 10 kuna la ziada: ukisharusha unatulia kwanza, uonekane umesimama imara nyuma ya alama, ndio utembee. Wengi wanarusha huku wanakifuata kikapu kama kuku kaona mtama, mguu wa nyuma tayari uko mbele na minyororo bado haijalia. Kuputi kwa kuruka kunaruhusiwa nje ya mita 10, lakini diski inatoka mguu ukiwa bado chini, hauruki kwanza ndio unarusha ukiwa hewani, hiyo mbona tunaibishania kila siku.

Ukikosea, mwenzako kwenye kadi (kundi mnalocheza pamoja) anakutaja, mwingine anamuunga mkono, unaongezewa mrusho mmoja. Hapo ndipo kitabu cha sheria na uwanjani vinapoachana, maana watu wananyamaza. Hata mimi mgeni akikanyaga mbele kwenye raundi yake ya kwanza sijaamua bado, nimtaje palepale au nimvute pembeni tukimaliza shimo (kipande cha uwanja cha kikapu kimoja). Sheria inataka nitaje. Kwa hiyo kuanzia leo jioni weka alama kwenye kila puti, malizia zote, washkaji wakicheka waache wacheke.

Mengine utayajulia hukohuko. Una sekunde 30 za kurusha zamu yako ikifika, diski ikipotea mnaitafuta dakika 3, kadi ya skoa ukiirudisha na skoa isiyo sahihi unaongezewa 2, kwa hiyo ihakiki kabla hujaikabidhi. Kwenye tii (pa kuanzia kurusha) ya kwanza waambie wenzako ni mara yako ya kwanza, watakuonyesha ni nani anaanza kurusha na mipaka ya o-bi (nje ya uwanja) iko wapi. Na fika mapema, maana shimo ulilokosa kwa kuchelewa unaandikiwa pari (idadi ya mirusho iliyopangiwa shimo) ujumlishe nne, hata kama ulikuwa palepale kwenye gari unafunga kamba za viatu.