Je, wajua kwa nini kicheko hupunguza machungu ya maisha?

Jioni kwenye baraza za Mji wa Kale, Mombasa, muuza kahawa akishapita na dele lake, mazungumzo huanza na dhiki: kodi ya nyumba imepanda, mashua zimefungwa kwa sababu ya kusi, mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo. Muda si muda watu wale wale wanashika mbavu. Dhiki iko pale pale, lakini huinuka wakiwa wepesi kuliko walivyokaa. Wepesi huo unatoka mwilini, na umepimwa.

Kicheko cha kweli ni kazi ya misuli. Anayecheka husukuma pumzi nje vipande vipande, “ha” kama tano kwa sekunde, bila nafasi ya kuvuta pumzi vizuri katikati. Mbavu na tumbo hukazana mpaka kuchoka, na ubongo hujibu kwa kutoa endofini, kemikali za mwili wenyewe zinazotuliza maumivu kwa njia inayofanana na ya mofini, dawa kali ya maumivu. Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha majaribio juu ya jambo hili. Watu walitazama vichekesho, na kabla na baada yake wakavishwa mkononi kitu kilichogandishwa kwa baridi, au mkanda wa kupimia presha uliojazwa hewa, mpaka waseme basi. Waliocheka walivumilia zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Ufini, walipiga picha za ubongo na kuona kemikali za jamii hiyo zikitolewa baada ya watu kucheka na marafiki zao. Tabasamu la adabu halitoshi. Ni kile kicheko kinachotikisa tumbo ndicho chenye dawa.

Ndiyo maana baraza hushinda simu. Robert Provine, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi huko Marekani, aliona kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Akagundua pia kwamba vicheko vingi havifuati kichekesho chochote, bali maneno ya kawaida tu. Kwa hiyo huhitaji kuwa mchekeshaji. Ukiwa na shida, kaa na watu wawili watatu mnaozoeana, uwaeleze mkasa wako kama ulivyotokea, pamoja na vile vijambo vya ajabu vilivyoandamana nao. Kicheko kitakuja chenyewe.

Lakini kumbuka wahenga: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Cheka na tukio, usimcheke mtu. Mwaka 2012 wanasaikolojia Andrea Samson na James Gross waliwaonyesha watu picha za kusikitisha, wengine wakaombwa watunge mzaha wa upole, wengine wa kejeli. Mzaha wa upole ndio uliotuliza moyo zaidi, kwa sababu humfanya mtu alione jambo lile lile kwa upande mwingine. Mzaha wa kujidhalilisha ili wenzako wafurahi huandamana na huzuni na wasiwasi, kwa hivyo rafiki anayejitukana kila siku msimchekee tu, mwulizeni hali. Wakati nao una uzito wake. Siku za mwanzo za matanga mfiwa anahitaji mtu wa kukaa naye. Mzaha umwachie yeye auanze, au mtani wake wa haki. Utani wa Pwani una mipaka inayojulikana: nyanya humwita mjukuu wake wa kiume “mume wangu” na hakuna anayekasirika, kwani kila mmoja anajua nani ana ruhusa na nani hana.

Na moyo wa matumaini je? Hapa wengi hukosea. Kujiambia “yote yatakuwa sawa” kisha kukaa na kuota mwisho mwema hupunguza nguvu ya kutenda. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen ameonyesha hivyo katika tafiti zake tangu 1991. Anachoshauri ni kutaja unalotaka, kuona litakavyokufaa, kisha kutafuta kizuizi chenyewe na kukiwekea mpango wa “ikiwa… basi”. Mama anayeuza mahamri na mbaazi, anayejua mvua za Aprili na Mei hufukuza wateja wa barabarani, aseme: “Ikiwa mvua inanyesha ninapoamka, basi nitakanda nusu ya unga na kupeleka oda nilizochukua jana.” Kisha acheke na majirani wakati chai inachemka. Hayo mawili yanasaidiana: kicheko humpunguzia mzigo, mpango humpa la kufanya.

Tahadhari chache za mwili. Kicheko kikali huweza kuamsha pumu, basi mwenye nayo awe na dawa yake ya kuvuta karibu. Aliyepasuliwa tumbo abane mto juu ya mshono anapocheka. Na ikiwa huzuni imedumu karibu kila siku kwa wiki mbili, usingizi umevurugika, na hata yaliyokuwa yakimfurahisha mtu hayamgusi tena, huo huenda ukawa ugonjwa unaotibika, na mzaha si dawa yake. Msindikizeni hospitali yenye huduma za afya ya akili, au apige 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.