Majibu ya damu ya moyo na dawa za Kihindi: tunavyodanganyana huku Mwanza

Siku hizi mtu akipima mafuta kwenye damu anapiga picha majibu anatupia kwenye grupu la ukoo, hapo kila mtu daktari. Haya ndo ninayoyasikia sana kuanzia Kirumba mpaka Igoma.

"Kolestro jumla imepita, moyo umekwisha."

Wapi. Hiyo jumla ni mchanganyiko. Chukulia mama mmoja, jumla 5.6, karatasi imemuwekea H (imezidi kiwango) pembeni kapaniki, ila HDL yake, ile kolestro nzuri, 2.0 na traigliseraidi, mafuta mengine ya kwenye damu, 1.1, hapo LDL, ile kolestro mbaya, inakuja kama 3.1. Jirani yake jumla 4.9, haina H, anatamba, kumbe HDL 0.8, traigliseraidi 2.6, ana sukari na sigara haachi. Wa kumhofia ni huyo jirani. LDL ndo inajibandika kwenye kuta za mishipa, HDL inasaidia kurudisha mafuta kwenye ini, na daktari hasomi karatasi peke yake, anaangalia na presha, umri, sukari, na kama kwenu kuna waliougua moyo mapema.

Halafu kabla hamjashindana, angalieni kipimo. Mmoja kaandikiwa 190 mwingine 4.9 watu wanashtuka, kumbe ni kitu kilekile, ya kwanza miligramu kwa desilita, ya pili milimoli kwa lita. Kwa kolestro unagawa kwa 38.67 basi.

"Mimi mwembamba, nakula samaki, sina mafuta."

Kolestro nyingi inatengenezwa na ini lako mwenyewe, na kuna koo zinarithi LDL kubwa toka utotoni. Samaki mzuri kweli, ila sato aliyezamishwa kwenye mafuta yanayokaangia toka asubuhi, hiyo habari nyingine.

"Kifua kilibana, troponini ikatoka safi, nikarudi zangu home."

Hii ndo inaniogopesha kuliko zote. Troponini ni protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia na inaweza kuchukua masaa kadhaa kuonekana, ndo maana wanairudia na wanapima ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kifua kinabana, jasho jembamba, maumivu yanapanda taya au mkono, nenda usiku huohuo, hata kama uko Ukerewe anza na hospitali ya hapohapo, usisubiri meli ya kuja mjini.

Sasa tuje kwenye Ayurveda, maana pakiti za unga zinatembea sana. Tiba ya zamani ya India, na mimi siibezi: mboga na dengu kwa wingi, kulala mapema, yoga, kupumua taratibu, hayo moyo unayapenda.

"Ni mitishamba, haina madhara."

Mwaka 2008 watafiti Marekani walichapisha vipimo vya dawa za Ayurveda zinazouzwa mtandaoni, kama moja kati ya tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki, na kuna aina metali inawekwa makusudi kabisa. Mulethi, ule mzizi mtamu, ukizidisha unapandisha presha na kushusha potasiamu. Manjano kwenye mchuzi poa, ila vidonge vyake vikali ukichanganya na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, damu inaweza kugoma kuganda.

"Guggul inashusha kolestro."

Utafiti wa Marekani wa 2003 uliwapa watu guggul, utomvu wa mti wa India, wiki 8, LDL ikapanda kidogo badala ya kushuka, na wengine wakatoka vipele. Arjuna, lile gome la mti wanalotumia Ayurveda kwa moyo, bado hakuna ushahidi wa kutosha wa kuiweka badala ya dawa ya hospitali.

"LDL imeshuka, naacha statini nahamia kwenye unga."

Imeshuka kwa sababu unaimeza hiyo statini, dawa ya hospitali ya kushusha kolestro! Ukiacha, inarudi juu ndani ya wiki chache tu.

Kama unatumia unga wowote beba na pakiti yake kliniki, hata ikiwa maandishi ni Kihindi kitupu, na daktari akikuuliza usimwambie "situmii chochote" huku mkoba mzima unanukia manjano.